Bugi-wugi: Piano Inayoanzia Mkono wa Kushoto

Bugi-wugi ni mtindo wa kupiga piano uliozaliwa ndani ya bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi wa majimbo ya kusini, na alama yake kuu ni mkono wa kushoto unaorudia mzunguko mmoja wa sauti nzito bila kukoma, huku mkono wa kulia ukipiga juu yake vifungu vifupi vinavyoulizana na kujibizana. Msikilizaji huvutwa zaidi na mkono wa kulia, kwa kuwa huko ndiko yaliko madoido, lakini anayeketi kujifunza hutambua mapema kwamba madoido hayo ndiyo sehemu nyepesi, na kwamba anayeyatanguliza huweza kumaliza mwaka mzima akiwa na vifungu vingi vya kupendeza visivyo na mahali pa kukaa. Katika adabu za Waswahili mkono wa kushoto haupokei wala haulishi. Katika bugi-wugi mkono huo ndio mwenye nyumba, na wa kulia ni mgeni aliyekaribishwa.

Sababu ya mpangilio huo inatokana na historia kabla ya kutokana na kanuni za muziki. Mwishoni mwa karne ya 19 misitu ya misonobari ya mashariki mwa Texas na jimbo jirani la Louisiana ilijaa kambi za wakataji mbao, za wagema utomvu wa kutengenezea tapentaini, na za wajenzi wa reli, na wengi wa vibarua hao walikuwa Weusi ambao wao wenyewe au wazazi wao walikuwa wametoka katika utumwa uliokomeshwa mwaka 1865. Kambini palikuwa na kilabu cha pombe, ambacho mara nyingi kilikuwa banda tu lenye ubao uliolazwa juu ya mapipa kuwa kaunta, na ndani yake iliwekwa piano iliyochakaa, ambayo huenda baadhi ya vitufe vyake vilikuwa vimekwisha kunyamaza. Mpigaji alifika kwa treni, akapiga usiku kucha kwa malipo ya chakula, kinywaji na sarafu za waliofurahi, kisha akadandia treni nyingine kuelekea kambi ya mbele. Hakuwa na mpiga ngoma, hakuwa na mpiga besi wala kipaza sauti, na mbele yake walikuwa watu wanaocheza kwa viatu vya kazi juu ya sakafu ya mbao. Kwa hiyo mkono wake wa kushoto ulibebeshwa kazi ya ngoma na ya besi kwa pamoja, na ulipochoka mkono huo, ngoma ilikuwa imekwisha. Lead Belly, mwimbaji na mpiga gitaa mashuhuri aliyekulia mpakani mwa Louisiana na Texas, alisimulia kwamba alizisikia besi za namna hiyo zikipigwa kwenye piano za eneo lile karne ya 19 ilipokuwa ikiishia, na kwamba kutoka huko alichukua namna yake ya kupiga nyuzi nzito za gitaa.

Kutoka Texas mtindo huo ulifuata njia ileile iliyofuatwa na watu wake. George W. Thomas wa Houston alichapisha mwaka 1916 kipande kiitwacho "New Orleans Hop Scop Blues", ambacho ndani yake besi ya bugi-wugi imeandikwa kwa noti, na baadaye yeye na mdogo wake Hersal wakatoa "The Fives", kipande ambacho wapigaji wa Chicago walikitaja kuwa ndicho kilichowafundisha. Chicago ya miaka ya 1920 ilikuwa imepokea maelfu ya Weusi waliohama kutoka kusini, na kwa kuwa kodi za nyumba zilikuwa mzigo mkubwa kwa mishahara yao, wapangaji walibuni karamu za kuchangia kodi: mwenye chumba alipika, akamkaribisha mpiga piano, na kila aliyeingia akatoa kiingilio. Katika karamu hizo ndimo walimokomaa Meade Lux Lewis na Albert Ammons, marafiki wawili waliokuwa madereva wa teksi, pamoja na Clarence "Pine Top" Smith aliyekaa nao katika nyumba moja ya kupanga. Mnamo Desemba 1928 Smith alirekodi "Pine Top's Boogie Woogie", sahani iliyoupa mtindo jina lake, na ndani yake anasikika akiwaelekeza wachezaji lini wasimame na lini watikisike. Hakuyaona matunda yake, kwa maana mwezi Machi 1929 alipigwa risasi katika ukumbi wa dansi, akafa akiwa na umri wa miaka 24.

Anayetaka kujifunza huanza na ramani, na ramani hiyo ni bluzi ya vipimo 12. Kipimo ni kipande cha muziki kinachobeba mapigo manne, na kordi ni sauti tatu au zaidi zinazopigwa pamoja. Aliyewahi kuimba katika kwaya ya kanisa kwa do, re, mi anayo tayari nusu ya elimu inayohitajika, kwa sababu bluzi ya msingi hutumia kordi tatu tu: ya do, ya fa na ya so. Vipimo vinne vya kwanza hukaa kwenye do, viwili vinavyofuata huhamia fa, viwili vingine hurudi do, kisha kipimo kimoja cha so na kimoja cha fa huandaa marejeo, na viwili vya mwisho hupumzika kwenye do kabla ya kila kitu kuanza upya. Mzunguko huo ukipigwa mara kumi kwa namna kumi tofauti, kipande kimekamilika; bugi-wugi haina ubeti wa pili wenye wimbo mwingine wala kiitikio cha kusubiriwa, na anayekaa kungoja sehemu mpya ianze hataiona.

Juu ya ramani hiyo mkono wa kushoto huchagua mwendo. Ulio rahisi kuliko yote huhitaji vidole vitatu: kidole cha mwisho kinakaa kwenye do, cha shahada kwenye so, na gumba kwenye la, halafu mkono unapiga do na so kwa pamoja mara mbili, do na la kwa pamoja mara mbili, ukarudi do na so, na kuendelea hivyo hadi kila kipimo kiwe kimepata mipigo minane. Kordi inapohamia fa au so, mkono mzima unahama na umbo lake bila kubadilisha chochote. Walimu wengi huanzisha wanafunzi katika skeli ya C, yaani do ikiwa kitufe cheupe kilichoko mara tu kushoto kwa jozi ya vitufe vyeusi, na sababu yake ni rahisi kuiona: mwendo huu ukipigwa hapo, kwa kordi zote tatu, mkono wa kushoto haugusi kitufe cheusi hata kimoja, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kufunga macho na kuusikiliza tu.

Ugumu wa kwanza wa kweli uko katika mgawanyo wa pigo. Mipigo minane ya kipimo haitoshani. Katika kila pigo mguso wa kwanza ni mrefu na wa pili ni mfupi, na mwendo huo wa kuchechemea ndio unaofanya mabega ya msikilizaji yaanze kusogea yenyewe. Kuueleza kwa hesabu ni kupoteza muda, ilhali neno la Kiswahili linauonyesha mara moja. Mwanafunzi agonge mguu polepole, na kwa kila pigo la mguu atamke neno "karanga" kwa silabi tatu zinazolingana, bila kuikazia yoyote. Akishazoea, aimeze silabi ya katikati na kuiacha nafasi yake ibaki kimya, ili asikie "ka… nga, ka… nga". Mguso wa kwanza wa mkono wa kushoto huangukia "ka", wa pili huangukia "nga". Mwendo ukiwa wa kasi sana tofauti hiyo hupungua, na baadhi ya wapigaji wakubwa huikaribia hali ya kutoshana kabisa, lakini anayeanza hana haja ya kuharakia huko.

Mwendo wa pili, ambao wengi huufahamu kwa jina la besi inayotembea, hupanda do, mi, so, la, ukafika kwenye ti iliyoshushwa nusu hatua, kisha ukashuka kwa njia ileile, na kila sauti hupigwa mara mbili, kwanza ile ya chini kwa kidole cha mwisho, halafu pacha wake wa juu kwa gumba, umbali unaoitwa oktavu. Huu ndio mwendo unaounguruma, na ndio pia unaoumiza. Baada ya dakika mbili misuli ya sehemu ya chini ya mkono huanza kuwaka moto, na kosa la kawaida ni kukaza kiwiko na kuendelea kwa ushujaa. Kinachotakiwa ni kinyume chake: kifundo cha mkono kilegee na kuyumba kidogo kati ya gumba na kidole cha mwisho, kama mtu anayezungusha kitasa cha mlango huku na huku, ili uzito wa mkono ufanye kazi ambayo vidole pekee haviwezi. Maumivu yakija, mazoezi husimama. Dakika tano safi mara nne kwa siku hujenga mkono kuliko saa nzima ya kuvumilia, na mkono uliojeruhiwa kwa papara huchukua wiki nyingi kupona.

Wapiga ngoma wa pwani wamelijua jambo hili siku zote, kwamba katika kundi lazima awepo mmoja asiyepamba, anayeshika pigo lilelile tangu mwanzo hadi mwisho ili wenzake wapate kucheza nalo. Mpiga bugi-wugi analazimika kuwa mtu huyo na mpambaji kwa wakati mmoja, ndani ya mwili mmoja, na kazi ya kuitenganisha mikono ndiyo inayowakatisha tamaa wanafunzi wengi. Njia iliyothibitika ni ya unyenyekevu. Mkono wa kushoto hupigwa peke yake, kwa mapigo 60 hivi kwa dakika ya metronomu, yaani kifaa kinachogonga mwendo usiobadilika, hadi mwanafunzi aweze kuzungumza na mtu aliye chumbani bila mkono kupotea njia, maana kuzungumza ni kipimo kizuri kuliko vyote cha kuonyesha kwamba akili imekwisha kuuachia mkono kazi yake. Ndipo wa kulia uingizwe kwa kordi moja tu kwenye pigo la kwanza la kila kipimo. Siku nyingine kwenye pigo la pili. Siku nyingine kati ya mapigo, mahali pa ile "nga". Mkono wa kushoto ukiyumba kwa sababu ya kordi hiyo moja, haukuwa tayari, na hakuna aibu katika kuurudisha peke yake.

Mkono wa kulia nao una elimu yake, na sehemu kubwa ya elimu hiyo ni ujanja wa kuidanganya piano. Bluzi huimbwa kwa sauti zilizo kati ya noti na noti, hasa pale mi inaposhuka bila kufika chini, na mwimbaji, mpiga gitaa, au mpiga fidla wa taarabu huweza kuziteleza sauti hizo apendavyo, lakini kitufe cha piano kina sauti moja isiyopinda. Wapigaji wa bugi-wugi walitatua tatizo hilo kwa kuponda noti: kidole kimoja hupiga kitufe cheusi kilicho upande wa kushoto wa mi na papo hapo kuporomoka kwenye mi yenyewe, na sikio, likiwa limezipokea sauti mbili kwa karibu mno, husadiki kwamba limesikia moja inayolia. Katika skeli ya C kitufe hicho cheusi kinapakana na mi nyeupe, kwa hiyo kidole huteleza bila juhudi. Katika baadhi ya skeli nyingine mpangilio wa vitufe huikataa njia hiyo, na mpigaji hulazimika kutumia vidole viwili. Ujanja wa pili ni kutetemesha, yaani kupokezana haraka kati ya sauti mbili za kordi kwa kuzungusha kifundo cha mkono, na kazi yake ni kurefusha sauti katika chombo ambacho kila sauti huanza kufa pale tu inapozaliwa.

Vifungu vitatu au vinne vya namna hiyo vinatosha kwa miezi ya mwanzo, mradi kila kimoja kirudiwe, maana urudiaji katika mtindo huu ni fadhila. Kifungu kinachorudiwa mara tatu juu ya kordi zinazobadilika husikika kila mara kwa sura mpya, kama vile mpiga gitaa la solo katika bendi za dansi anavyong'ang'ania mzunguko mmoja katika chemko, ile sehemu ya wimbo inayokwenda kasi, hadi ukumbi wote usimame. Wakati mwingine mkono wa kushoto wenyewe hunyamazishwa kwa vipimo vinne, ukagonga pigo la kwanza tu na kuuacha wa kulia ukielea, na unaporudi kwa kishindo wachezaji huhisi kana kwamba sakafu imerejeshwa chini ya miguu yao. Smith alilitumia jambo hilo katika sahani yake, nalo ni rahisi kulijifunza kuliko linavyosikika.

Kilele cha ufundi wa mikono miwili kinasikika katika "Honky Tonk Train Blues", kipande ambacho Lewis alikirekodi mwaka 1927. Mkono wa kushoto ndani yake ni magurudumu juu ya reli, na wa kulia ni filimbi, kengele na maungio ya reli yanayogongwa, lakini maajabu hayako katika mwigo huo. Yako katika namna mkono wa kulia unavyogawa muda kwa tatu pale wa kushoto unapougawa kwa mbili au nne, ili mikono ikutane, iachane na ikutane tena mahali ambapo msikilizaji hakutarajia. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyekua akisikia ngoma zikipigwa tatu juu ya mbili huenda akaupokea mgawanyo huo kwa wepesi kuliko aliyelelewa kwa vitabu vya mazoezi peke yake. Hata hivyo masikio kuelewa ni jambo moja, na vidole kutii ni jambo jingine.

Swali la kama mtindo huu hujifunzwa kwa noti au kwa sikio lina jibu katika maisha ya mabingwa wenyewe. Ammons alipokuwa kijana, nyumbani kwao kulikuwa na piano inayojipiga yenyewe kwa msaada wa karatasi zilizotobolewa, na alijifunza kordi kwa kutia alama ya penseli kwenye vitufe vilivyokuwa vikizama. Kijana wa leo anayeipunguza kasi ya video na kutazama vidole vya mpigaji anafanya jambo lilelile kwa penseli nyingine. Noti zilizoandikwa zina faida yake, hasa kwa kuonyesha ni vitufe gani vinapigwa, lakini haziwezi kuandika kuchechemea kwa pigo wala uzito wa kidole, na aliyejifunza kwa karatasi peke yake hutambulika mara moja: kila kitu kipo mahali pake, na hakuna anayetaka kucheza.

Kuhusu chombo, vinanda vya umeme vya vitufe 61, vinavyopatikana kwa wingi makanisani na kwenye bendi, vinatosha kwa kuanzia, ingawa besi inayotembea huanza kubanana na mkono wa kulia pale mpigaji anapotaka nafasi. Upungufu mkubwa zaidi ni wepesi wa vitufe vyake, ambao hauujengi mkono. Aliyezoea kinanda chepesi akiketi mbele ya piano halisi yenye vitufe 88 na nyundo za mbao huchoka kabla ya mzunguko wa tatu. Midundo ya kujiendesha iliyomo ndani ya vinanda hivyo inafaa izimwe kabisa, kwani inaufanyia mkono wa kushoto kazi ambayo ndiyo hasa inayojifunzwa.

Muziki huu ulitoka vyumba vya kupanga ukaingia majumba makubwa tarehe 23 Desemba 1938, wakati John Hammond, mwandaaji aliyekuwa amemtafuta Lewis kwa muda mrefu hadi akampata akiosha magari Chicago, alipowapandisha Lewis, Ammons na Pete Johnson wa Kansas City jukwaani Carnegie Hall, New York. Wiki mbili baadaye, tarehe 6 Januari 1939, Ammons na Lewis walirekodi kipindi cha kwanza kabisa cha kampuni changa ya sahani ya Blue Note, na kwa miaka michache Marekani nzima ilicheza bugi-wugi, kuanzia bendi kubwa hadi kambi za jeshi. Homa hiyo ilipopoa, mkono wa kushoto haukupotea, kwani Chuck Berry aliuhamishia kwenye gitaa, na ule mwendo wa do na so, do na la ndio unaosikika chini ya sehemu kubwa ya rock and roll ya miaka ya 1950.

Wanafunzi wengi huanza kwa kumkimbiza Pete Johnson, ambaye kasi yake katika "Roll 'Em Pete" ya mwaka 1938 inatosha kumvunja moyo hata mpigaji aliyekomaa. Ingefaa zaidi waanze na Jimmy Yancey, mzee wa mtindo huu huko Chicago, ambaye Lewis na Ammons walimheshimu kama mwalimu, na ambaye Lewis alimtungia kipande kiitwacho "Yancey Special". Yancey hakuishi kwa muziki; kwa miaka mingi alitunza nyasi za uwanja wa timu ya besiboli ya White Sox, akawapigia wageni piano nyumbani, na hakurekodi sahani hadi mwaka 1939, akiwa mtu mzima wa makamo. Mkono wake wa kushoto hauungurumi. Unapiga kwa upole, unaacha nafasi katikati ya mapigo, na sauti moja inaruhusiwa kufifia kabla ya nyingine kuja, hivyo mwanafunzi anaweza kufuata kila mguso na kujua unatoka kidole gani. Jambo moja tu asiliige. Kipande chochote alichokipiga Yancey, hata akikianza katika skeli ya mbali kiasi gani, alikifunga kwa kordi ya E-flati, na rafiki zake walikwisha kuzoea kuingoja.